Kipini

Karatasi ya kazi ilisema: Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa,
bomba la inchi nne, linavuja tangu Machi.
Nikabeba spana, msumeno, kipande cha mpira.
Ndesario, kijana wa mafunzo, akabeba koleo.

Sikuwa nikitafuta samaki.

Tulimkuta Aikaruwa keshaingia,
suruali kaikunja hadi magotini,
ana ndoo ya rangi, kichujio cha chai
na daftari ndani ya mfuko wa nailoni.
"Msikanyage hapo," akasema, kabla ya salamu.
Nikatazama hapo. Maji tu.
Kisha maji yakapepesa.

Mdogo. Ukimlaza kidoleni hafiki fundo la pili.
Mgongo rangi ya chai ya rangi,
ubavuni nukta moja ya fedha
kama kipini puani mwa bibi harusi,
na ndivyo watoto wa mtaa wanavyomwita: kipini.
Jina lake refu liko vitabuni. Nilitajiwa, sikulishika.

Aikaruwa akanifunulia ramani.
Enzi za mwalimu wake, alama za wino
zilitapakaa mtoni kama upele,
toka chini ya migomba ya Uru mpaka kwenye mpunga wa Mabogini.
Akafunua ukurasa: alama tisa.
Akafunua tena: tatu, na moja ina kiulizo.

Darajani wanapoosha pikipiki, hayupo.
Kwenye mchanga hayupo, malori yamegeuza chini kuwa juu.
Mfongo wa akina Lyaruu umesakafiwa saruji,
maji yanapita mbio, na yeye hataki mbio,
anataka maji yanayotembea
kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyependa aondoke.
Anataka kokoto za ukubwa wa harage.
Kivuli mpaka saa nane.
Ubaridi wa maji yaliyochomoza ardhini jana, si juzi,
na mzizi wa kujibanza mdiria akipita.

Akaweka kidole kwenye alama ya tatu.
"Hapa," akasema.
Tulikuwa tumesimama juu yake.

Nikalitazama bomba langu.
Ufa wa urefu wa kiganja, miezi saba,
umechimba kibonde, umeosha kokoto,
umenywesha magimbi ambayo hakuna aliyeyapanda,
na magimbi yametandaza kivuli.
Mfereji wa zamani unapita hatua nne chini yake.
Masika ulifurika, kipini akapanda, mto ukashuka bila yeye.
Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa darasa la tatu.
Haya yalizoleka. Yakazoa na samaki.

"Fundi!" Mama Ndeanka, dirishani mwa mashine.
"Mwezi wa kumi huu! Kwangu bomba linakohoa hewa tu!"
Kweli. Ndoo zake tano zilipangwa ukutani, kavu,
na bili amelipa, risiti kaibandika mlangoni
kwa ajili ya watu kama mimi.

Simu ikaita. Msimamizi: umemaliza?
Nikasema kuna kutu nyingi.
Aikaruwa hakuniomba kitu. Angeniomba ningejua la kumjibu.
Aliinama tu, akihesabu kwa sauti ya chini:
kumi na tisa, ishirini, huyu nimeshamhesabu,
ishirini na moja.

Nikavisha mpira. Nikakaza nati, mzunguko mmoja, miwili.
Ndani ya mashine bomba likakohoa, likatema kutu,
likaanza kusema maneno kamili,
na Mama Ndeanka akacheka peke yake kama aliyepokea barua.
Kidimbwini, wote kwa pamoja, wakageuza vichwa
kuelekea ufa,
kama watu wanaosikia mlango ukifungwa polepole.

Nikarudisha spana nyuma. Nusu mzunguko.
Nikasubiri. Dirishani bado kicheko.
Chini ya magimbi uzi wa maji, mwembamba, haukukatika.

Utadumu hadi lini, sijui. Mpira hulegea, wakubwa hukagua.

Karatasi ina mstari mmoja wa mwisho: hali ya uvujaji.
Nikaandika: umepungua.
Ndesario akasoma begani mwangu, akanitazama,
akaokota koleo lake
na kuzunguka mbali, kwenye majani makavu,
asikanyage hapo.